Mkia Wenye Ncha Nyeupe

Kazi yangu ni kuuza sumu ya panya, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Miaka minane nimesimama Bugembe, kando ya barabara ya kwenda Iganga, na katoni yangu chini, juu yake panya waliokauka nimewapanga kwa ukoo wao. Spika ndogo nimeitundika kwenye mwavuli, inasema maneno yangu mchana kutwa ili mimi nisikaukwe na koo. Jina langu Mutwalibu, nakaa Walukuba, na kuanzia darajani Jinja hadi Iganga hakuna mtu anayejua panya kunishinda mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka mwezi uliopita.

Maneno ya spika nilirekodi mwenyewe, chumbani, nimefunga dirisha. Inasema hivi: "Mzazi, usiue usichokijua. Mchukue panya wako, umkunjie mkia juu ya mgongo. Mkia ukivuka pua, huyo ni wa nyumbani, ni mgeni, alikuja na meli na magunia ya watu, hana kwao hapa. Huyo ndiye anayekula sumu yangu. Mkia ukiwa mfupi, au ana mistari mgongoni, huyo ni wa shambani, mwenyeji wetu, mwache. Na mkia wenye ncha nyeupe ni buku wa porini, hali sumu ya nyumbani. Anayemla amle bila wasiwasi." Watu waliipenda sana hiyo sehemu ya mwisho. Wanaokula buku walicheka, na wengi waliocheka walinunua.

Mimi simli, dini yangu hainiruhusu na tumbo langu pia. Lakini mama mkwe wangu, mama Nambozo wa Wanale, pale chini ya mwamba wa Mbale, kwa buku humwambii kitu. Si kwamba majirani zake wote wanamla, wengine hata kumsikia hawataki. Yeye alilelewa na bibi aliyekuwa mtegaji, akakua na ladha hiyo, na mpaka leo ana mitego yake mwenyewe.

Nimemwoa binti yake, Nabifo, miaka kumi na mmoja sasa, na muda wote huo sikuwahi kumwona mama huyo uso. Kwao na kwetu ni mamoja: mkwe hamtazami mama mkwe, hampi mkono, haingii jikoni mwake. Nikienda kusalimia, yeye anaingia ndani, mimi nakaa kwenye kiti uani nimeupa mlango mgongo, na Nabifo anapeleka maneno huku na huku kama mkalimani wa mahakamani. Hata kwenye picha ya harusi yetu mama amejifunika leso mpaka puani.

Mwezi huo uliopita Nabifo alikwenda Wanale kumsaidia mama yake kuvuna mahindi. Aliniambia ghala limejaa panya, wanatoboa magunia kila siku. Nikampa pakiti za sumu yangu, punje za mahindi nilizozichanganya na unga wa sumu na kuzitia rangi ya buluu ili mtu asije akakosea akadhani ni chakula. Nilimwelekeza aimwage kwenye sahani moja, aiweke ghalani nyuma ya magunia, afunge mlango. Aliiweka Jumamosi jioni, na Jumapili asubuhi akanipigia.

"Sahani tupu," alisema.

"Yote?"

"Hata punje haikubaki."

"Umeona mizoga?"

"Hakuna."

"Subiri siku nne, tano. Sumu yangu haina haraka, ndiyo maana panya hawaishtukii." Nilisema hivyo nimejinyoosha kitandani, najisikia mtu wa maana.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Mtego wa mama wa nyuma ya ghala umenasa. Mama anauliza kama anaweza kumla, kwa sababu tumeweka sumu." Nilimsikia mama mwenyewe akinong'ona pembeni, maana hata kwenye simu hataki nisikie sauti yake.

"Mkia wake ukoje?"

"Mrefu. Huku juu mweusi, halafu nusu ya mwisho mweupe, kama umechovywa kwenye maziwa. Mkubwa, karibu kama paka. Uso umevimba, sijui kwa nini."

"Umevimba kwa kuhangaika mtegoni. Huyo ni buku, mwenyeji wa porini, hali sumu ya nyumbani. Mwambie mama ale bila wasiwasi."

Nilisikia Nabifo akimpelekea hayo maneno, na mama akacheka kidogo. Nikafurahi kwamba nimemfurahisha mama mkwe. Nikainuka nikanywa chai.

Sasa ikafika Jumatano. Pale Bugembe kuna mzee mmoja, Afande Semei, askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini aliyebaki huku baada ya kazi. Kila asubuhi anakuja kusimama kwenye katoni yangu, hanunui, anakagua panya wangu waliokauka kama anakagua gwaride.

"Wafu yako leo naendelea aje?" aliniuliza.

"Wanaendelea kufa, afande." Nikaona nimtambie. Nikamweleza ya Wanale, sahani nzima imemalizwa kwa usiku mmoja, nikasema sumu gani nyingine inapendwa hivyo.

Afande hakucheka. "Sahani ilikuwa na kiasi gani?"

"Vikombe viwili vya chai, vimejaa."

"Na wafu?"

"Bado."

"Mutwalibu. Panya gani inakula vikombe mbili usiku moja? Hiyo haikukula, bwana. Hiyo ilibeba." Akajaza hewa mashavuni, akayagonga kwa vidole, huku na huku. "Buku iko na mfuko hapa na hapa. Inajaza, inapeleka kwa shimo, inarudi tena. Haimezi. Kwetu tukiua moja, kwanza tunafungua mashavu tuone imeiba nini."

"Buku ni wa porini, afande. Haingii ghalani."

"Nani aliambia wewe? Mchana iko porini. Usiku inaingia kwa store ya mtu kama mwizi mwingine. Mimi nilichunga wezi miaka thelathini."

Nikafungua mdomo nimjibu, na hapo hapo nikasikia tena kichwani sauti ya Nabifo. Uso umevimba, sijui kwa nini. Nikajishika kwenye mti wa mwavuli. Juu ya kichwa changu spika ilikuwa inasema amle bila wasiwasi.

Nilimpigia Nabifo, simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nilipiga mara sita pale pale mbele ya afande, na kila mara yule mwanamke wa mtandao akanijibu kwa upole wake. Nikamwambia Shamirah, anayeuza ndala kando yangu, aniangalizie vitu, nina msiba au sina, sijui. Nikarukia gari la kwanza la kwenda Mbale bila hata kuvaa koti.

Barabara ya Tirinyi sikuiona. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Jumapili amembanika, Jumapili jioni amemla. Jumatatu moja, Jumanne mbili, leo tatu. Panya wangu wanaanza kudondoka siku ya nne. Lakini panya ni panya na mtu ni mtu, nilijiambia, mtu ana damu nyingi zaidi. Halafu nikajiuliza hilo linasaidia au linazidisha, swali ambalo miaka minane sijawahi kujiuliza. Jasho lilinitoka na dirisha lilikuwa wazi.

Nilifika Wanale saa nane mchana. Nabifo alikuwa uani anageuza mahindi juani, na niliuona upindo wa gomesi la mama, lile gauni lake refu, ukipotea nyuma ya mlango wa jikoni. Alikuwa ameniona kwanza, akakimbilia ndani kama kawaida. Anaweza kukimbia, nikasema moyoni, anaweza kukimbia.

"Mbona umekuja bila kusema?" Nabifo aliuliza.

"Simu yako imezimwa."

"Umeme haujarudi tangu juzi. Kuna nini? Mbona uko hivyo?"

Nilikaa kwenye kiti changu, mgongo kwa mlango, kwa mazoea tu, miguu yenyewe ilinipeleka. "Yule buku," nilisema. "Muulize mama, kichwa alikula nani?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza, mama alisikia. Nilisikia kunong'ona, Nabifo akarudi. "Anasema alikula yeye. Kichwa ndicho anachokipenda. Alimbanika mzima kwa moshi, hakumpasua."

"Na mashavuni?"

Kunong'ona tena, safari hii na kicheko kidogo ndani yake. "Anasema mashavuni mlikuwa na mahindi, yameiva kwa moshi, matamu. Anasema mkwe amejuaje. Bibi yake alikuwa akimpa yeye hayo ya shavuni alipokuwa mtoto, anasema hajayaonja miaka mingi."

"Rangi ya hayo mahindi?"

"Meusi. Ni ya moshi, Mutwalibu."

"Yamebaki?"

Nabifo aliingia, akatoka na kopo la maziwa ya watoto. Mama alikuwa ameweka punje chache za kumpa kuku, akasahau. Nikamwaga kiganjani, punje tano, nyeusi kweli. Nikaitemea mate moja, nikaisugua kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, naomba Mungu iwe njano. Masizi yakatoka. Chini yake ilikuwa buluu, ile buluu yangu ninayoichanganya mwenyewe kwenye beseni.

Nabifo aliiona. Aliijua, maana beseni ni lake. Akakaa chini juu ya mahindi.

"Mwambie mama avae twende hospitali," nilisema.

Maneno yakaenda, maneno yakarudi. "Anasema yeye ni mzima. Anasema mkwe ametoka Jinja mbio kwa ajili ya panya, watu watacheka. Anasema mahindi yakiachwa nje yatanyeshewa."

"Muulize kama anatoka damu mahali popote."

Kunong'ona kwa kifupi. "Anasema hapana," Nabifo alisema, lakini hakuniangalia. Nilimwita kwa jina. Akasema kwa sauti ya chini kwamba asubuhi mama alipopiga mswaki alitema nyekundu, na mkononi ana alama ya buluu hajui alijigonga wapi, na amemkataza kusema, ati mambo ya mwili wa mama mkwe hayapelekwi kwa mkwe.

Hapo hasira zilinipanda. Si hasira kwa mama, ni kwa kile kiti. Mwanamke anakufa nyuma ya ukuta pale na mimi nimekaa nimempa mgongo kama mtu anayesubiri kinyozi. Nikainuka nikaingia jikoni.

Mama alirudi nyuma mpaka kwenye kuni, akavuta leso usoni. Nilisema, "Nisamehe, mama," nikaishusha ile leso, nikamshika kidevu. "Fungua." Akafungua, nadhani kwa mshangao tu. Ndivyo nilivyomwona mama mkwe wangu mara ya kwanza, na nilichokiona ni fizi. Kwenye kila jino palikuwa na mstari mwembamba wa damu, mbichi, unaong'aa.

Nilimwachia. Aliniangalia machoni kwa muda kidogo, mama mfupi mwenye macho makali, hakufanana hata kidogo na nilivyomfikiria. Kisha akapita pembeni yangu akaenda kutafuta viatu vyake vya kanisani.

Tulichukua boda mbili. Nabifo alipanda na mama, mimi nikafuata nyuma, na njia nzima nilitazama mgongo wa mama nione kama unainama. Haukuinama. Mimi ndiye niliyekuwa nimeinama.

Pale hospitali ya mjini tulimkuta musawo kijana, ndivyo tunavyomwita daktari, jina lake Brendah, mwenye maneno machache. Alimtazama mama fizi, akamtazama mkono, akaandika.

"Amekula nini?"

"Sumu ya panya," nilisema. "Siku tatu zilizopita."

"Sumu gani?"

"Ya panya, musawo."

"Nimesikia. Jina lake? Zipo za aina nyingi. Nyingine inashika mishipa ya fahamu, nyingine inaharibu ini, nyingine inazuia damu kuganda. Kila moja ina tiba yake, na tiba ya hii haimsaidii aliyekula ile. Nataka jina."

Nilitoa pakiti mfukoni. Huwa natembea nazo. Aliipokea akaigeuza mbele na nyuma. Mbele kuna picha ya panya amelala chali, nyuma kuna namba yangu ya simu. Basi.

"Nani anatengeneza hii?"

"Mimi."

"Umeweka nini ndani?"

Nabifo alinitazama. Mama, aliyekuwa amekaa kitandani amegeukia ukuta, aligeuza sikio. Nilijua mkia wa kila panya kati ya Jinja na Iganga, nilijua nani mwenyeji na nani mgeni, najua hata panya mwenye mimba kwa kumtazama tu. Na unga ninaoumwaga kwenye beseni kila mwezi sikujua unaitwaje. Sijawahi kuuliza. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Nikampigia Shakul, anayeniuzia unga huo pale Jinja. Nikaweka sauti ya nje musawo asikie.

"Shakul, ule unga jina lake nini?"

"Ule? Ni ile kali, bwana."

"Kali jina lake nini? Nipo hospitalini, mama mkwe wangu ameila."

"Mimi napewa kwenye dumu. Dumu lilikuja bila karatasi. Kwani wewe hukuwahi kuuliza." Halafu akakata, na nilipopiga tena, simu imezimwa.

Brendah aliweka kalamu chini. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza kwa sauti ile ile, "Panya wanaokula sumu yako wanakufaje?"

Hilo nililijua. Nikamweleza vizuri kuliko spika. Nikasema hawafi siku ya kwanza wala ya pili. Hawarukiruki, hawatikisiki, hawatoi povu. Siku ya nne wanatoka nje mchana kweupe, wanatembea polepole kama wazee, hawaogopi hata paka. Puani damu, kwenye fizi damu. Na ukimpasua mmoja kumkausha kwa ajili ya katoni, tumbo limejaa damu nyepesi, haigandi hata ukiiacha juani.

"Haigandi," alisema.

"Haigandi, musawo. Huwa inanichafulia ubao."

Aliinuka, akachota damu mkononi mwa mama, akaitia kwenye kichupa chembamba cha kioo kisicho na kitu ndani. Akakisimamisha mezani, akatazama saa. "Dakika ishirini. Damu ya mtu mzima wa afya itakuwa imeganda. Mtu asiguse meza hii."

Sijui kama umewahi kuangalia damu ya mtu dakika ishirini. Nabifo alimshika mama mkono, na mama anatazama ukuta. Nje muuza chapati alikuwa anaita wateja, na nilitamani nitoke nikamnyamazishe, kana kwamba sauti yake ingetikisa meza. Dakika ya kumi nilianza kuona inaganda. Dakika ya kumi na tano niliapa imeganda. Ishirini zilipotimia Brendah alikichukua kichupa akakilaza taratibu, na damu yote ikateremka upande mmoja kama chai.

Nabifo akaanza kulia bila sauti.

"Vizuri," Brendah alisema, na nilitaka kumuuliza nini kizuri. "Sasa najua napigana na nini. Huyu anahitaji vitamini K, na tunayo. Mngekaa nyumbani mpaka kesho kutwa ningekuwa naongea maneno mengine."

Walimchoma dawa jioni ile ile. Tulilala pale, Nabifo kwenye mkeka chini ya kitanda, mimi kwenye benchi nimekigeuzia kitanda mgongo, maana adabu ilikuwa imerudi baada ya hofu kupungua kidogo. Kila mama akikohoa nilishtuka. Niliuliza mara ngapi sijui, "Nabifo, anatoka damu?" Na Nabifo anajibu, "Lala, Mutwalibu."

Asubuhi Brendah alichota damu tena. Nabifo alikuwa amekwenda kununua uji, kwa hiyo musawo akaniita mimi, akakiweka kichupa kwenye kimeza cha kitanda mbele yangu. "Wewe unajua kuangalia. Dakika ishirini. Usikitikise." Akaenda kwa wagonjwa wengine.

Basi tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Alikuwa amejifunika leso usoni, na mimi macho yangu yako kwenye kile kichupa tu, sithubutu hata kupumua upande wake. Nilisoma dua zote ninazozijua, zikaisha, nikaanza tena. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, nikatumia ya simu. Dakika kumi na tisa. Ishirini. Nilingoja moja zaidi kwa woga. Kisha nikakishika kichupa kwa vidole viwili, nikakilaza.

Damu haikusogea. Ilikaa pale chini, nyeusi, imara, kama jeli ya miguu ya ng'ombe iliyopoa.

Nilikaa nimekishika tu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Sikugeuka, nilinyoosha mkono nyuma nikamwonyesha mama kile kichupa juu ya bega langu, nikakilaza tena aone. Nilisikia akivuta pumzi ndefu.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Shamirah, yule wa ndala. Nilisahau kabisa kwamba nimemwachia vitu vyangu. Mkono mmoja ulikuwa na kichupa, nikapokea kwa sauti ya nje.

"Wewe mtu, umepotelea wapi?" alisema, amefurahi. "Usiwe na wasiwasi na biashara, nakuuzia mimi. Tangu jana watu wanakuja wengi, wanasikiliza na kununua, pakiti zinakaribia kwisha. Ningejua ningeacha ndala zamani."

Nyuma yake nilisikia magari ya Bugembe, na juu ya magari sauti ya mtu. Mkia ukivuka pua, huyo ni wa nyumbani, ni mgeni.

"Shamirah, zima hiyo."

"Nini?"

"Spika. Izime."

"Ah, niizime ndiyo inayouza? Subiri kwanza, kuna mama hapa ana swali, mimi simjibu, haya ni mambo yako. Alinunua kwako wiki jana. Leo mtego wake umenasa mnyama, anasema mkia una ncha nyeupe. Anauliza kama ni kweli anaweza kuwapikia watoto."

Na nyuma yake ile sauti ikafika pale pale, taratibu, na raha yake yote. Huyo ni buku wa porini. Hali sumu ya nyumbani. Anayemla amle bila wasiwasi.

Kitanda kililia nyuma yangu. Mama Nambozo alikuwa ameinuka akakaa. Ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza, hakumtuma mtu, hakunong'ona.

"Mkwe," alisema. "Hiyo si sauti yako?"

Niligeuka nikamtazama. Leso ilikuwa imeanguka mapajani na hakuiokota.

"Ni yangu, mama."

Alingoja. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na Shamirah alikuwa anaita halo, halo, upo, mwenzio ana haraka, ameacha chungu motoni.

"Mpe simu," nilimwambia. "Mpe simu huyo mama sasa hivi."